Boti Huchaguliwa Nchi Kavu

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu. Nyapara wa shamba la kahawa, nje kidogo ya Ruiru, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasikiliza lafudhi yangu, kisha akasema, "Wewe ni mtu wa magharibi. Boti unajua, sindio?"

"Najua, mkubwa," nikajibu.

Nilidanganya. Kwetu ni Vihiga, kwenye mawe na migomba, na maji mengi niliyokuwa nimewahi kuingia yalinifika magotini. Lakini huku watu hudhani kila anayetoka magharibi amezaliwa ziwani, nami nilihitaji kazi.

Nyapara akanipeleka kwa Msimamizi wa Maji, mzee mfupi aliyeshughulikia mabwawa na pampu zote za shamba. Mzee akanipa kasia. Nikalishika upande wa bapa, mpini ukabaki chini. Akacheka hadi akashika magoti.

"Kijana, ziwa umeliona kwa kalenda," akasema. Badala ya kunirudisha kwa Nyapara, alinionyesha boti iliyokuwa imevutwa hadi kwenye nyasi. "Ingia, kaa hapo mpaka saa kumi. Chai ni hapo, chakula ni hapo. Inama, geuka, inuka. Boti inachaguliwa ikiwa kwa nyasi. Ikishaingia kwa maji, sasa ni yeye anakuchagua."

Nilikaa humo mchana kutwa huku wachuma kahawa wakinipita na kunicheka. Kufikia saa kumi nilijua pale goti linapogonga, pale mgongo unapochoka, na kiti kilivyohitaji kusogezwa. Kesho yake ndipo nikaruhusiwa kugusa maji.

Kazi yenyewe haikuwa ya kifahari. Mwisho wa bomba la pampu, chini ya maji, palikuwa na kichujio, na magugu maji hayakuchoka kukiziba. Kila asubuhi nilikwenda kukisafisha. Boti yetu ilikuwa ya tumbo bapa, haina mkuku, yaani ule mti unaopita chini ya boti kama uti wa mgongo, kwa kuwa mkuku ungenasa kwenye visiki vilivyozama. Ilikuwa nzito na sura yake haikumvutia mtu, lakini ungeweza kusimama ukingoni ukavuta mzigo wa magugu nayo isikutupe. Kabla ya kuondoka nilichota ngama, maji yanayojikusanya chini ya boti, na nyufa nilizijaza katani iliyolowekwa kwenye lami. Nilipohamishiwa Ngoliba kwa muda, kule kwenye jua kali, nilijifunza jambo la ajabu zaidi: boti ikiwa nje ya bwawa, unaimwagia maji ndani, la sivyo mbao zinakauka na kuachana. Wageni walidhani tumerukwa na akili.

Kisha nikapelekwa Murera, kwenye bwawa kubwa kuliko yote niliyofanyia kazi. Meneja wa huko alitaka boti ya kutembeza wageni siku za Jumamosi, akanituma Thika nikaichague. Muuzaji alikuwa na mbili. Moja ilikuwa ya tumbo bapa, rangi ya udongo, pana kama hori la ng'ombe. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya buluu, tumbo la mviringo, inang'aa. Msimamizi wa Maji alikuwa amekwisha kustaafu, nami nilijiona bingwa. Sikukaa ndani hata dakika moja. Nilichukua ile ya buluu.

Mtu wa kwanza kumpakia alikuwa mke wangu, Wanjiru. Tangu tuoane alikuwa akiniomba nimfikishe katikati ya bwawa, nami nilikuwa nikimwambia boti ya kazi hairuhusu. Jumapili hiyo alitoka kanisani na kitambaa chake cheupe, akaingia akicheka. Wenzake wa kanisani walisimama ukingoni kututazama. Tulipofika katikati, Wanjiru akainuka awapungie mkono. Mkono ulikuwa bado unapanda juu, boti ilipopinduka.

Magugu yalimshika miguu. Nilimkamata mkono nisiuachilie, na mlinzi wa pampu akatutupia kamba. Tulitoka wazima, lakini hofu niliyoiona machoni mwake iliniuma kuliko kosa lolote nililowahi kufanya.

Jumatatu Meneja aliniita. "Nilikutuma boti," akasema, "ukaniletea suti ya harusi." Akanirudisha Thika nikaibadilishe kwa ile ya rangi ya udongo.

Wanjiru naye alisema mara moja tu. "Mimi na maji tumemalizana, Baba Violet." Miaka yote iliyobaki aliniletea chakula hadi langoni, na hapo akageuka.

Nilipostaafu niliomba kitu kimoja: ile boti ya rangi ya udongo, ambayo ilikuwa inangoja kupasuliwa kuni. Nikaileta nyumbani Kamenu kwa pikapu, nikaiziba nyufa, nikaiweka kwenye nyasi mbele ya mlango. Sikumwomba Wanjiru chochote. Niliingia, nikakaa.

"Haiya! Kai, kwani huna nyumba?" akaniuliza. "Majirani wanasema umekuwa Nuhu."

"Niletee chai, Mama Violet."

Siku ya kwanza alinipa kikombe akiwa amesimama mbali. Wiki iliyofuata alikuwa akikiweka ukingoni. Halafu asubuhi moja nilitoka nikamkuta ameketi ndani na ungo wa njahi, yale maharagwe meusi, anachambua. Hakuinuka hadi saa kumi. Nilikuwa nimemsimulia kanuni ya yule mzee mara nyingi, na sikujua kama alikuwa akisikiliza.

"Hiki kiti kiko mbali na chako," akasema hatimaye. "Kisogeze."

Nilikisogeza jioni ileile.

Nyinyi vijana mnaonipigia simu mkitaka boti za kutembeza wageni, huwa mnaniuliza injini na rangi. Muulizeni kwanza atakayekaa ndani anaogopa nini. Mimi nilichelewa kuuliza, nikastaafu na deni hilo moyoni.

Mwezi uliopita tulirudi Murera, boti yetu ikiwa nyuma ya pikapu. Kahawa nyingi imeng'olewa na ploti zimefika hadi karibu na maji, lakini bwawa lipo. Nilipiga makasia polepole, Wanjiru ameshika kiti kwa mikono miwili. Tulipofika katikati nikaacha kupiga.

Akaachilia mkono mmoja. Kisha wa pili. Akasimama. Boti ikalalia upande kidogo, ikatulia. Ukingoni hapakuwa na mtu wa kanisani, ila mwanamume mmoja aliyekuwa akiosha pikipiki. Wanjiru akainua mkono juu kabisa, akampungia, na yule mwanamume, asiyetujua hata kidogo, akatupungia kitambaa chake kilicholowa.