Mkwe Hafungwi

Fungu la mlenda lilinidondoka mlangoni siku niliyomkuta mama yangu mzazi sebuleni kwangu, hapa mjini, mtaa wa Chemchem, kajifunga khanga kiunoni, kashika pedi ya gemu kwa mikono miwili, ulimi kautoa pembeni ya mdomo. Mama ni mjane, Mmoraviani wa kusali kweli, mkulima wa tumbaku kule Usoke. Alikuwa amekuja na treni kutibiwa goti. Kwenye runinga kulikuwa na meza ya pool.

"Mayu, unafanya nini?"

"Nyamaza kwanza. Huu mwekundu hautaki kuingia."

Kisha nikasikia sauti ya mume wangu nyuma ya pazia la koridoni, haimwambii mtu yeyote, inauambia ukuta: "Anayepiga huo mpira avute fimbo taratibu." Nilikaa chini.

Mnielewe. Mume wangu ni fundi baiskeli, na zamani alikuwa bingwa wa pool kwenye baa ya mtaani. Pool na pombe kwake vilikuwa mapacha. Alikwenda kwa ajili ya kimoja, akarudi amebebwa kwa sababu ya kingine. Mwishowe nilichoka, nikarudi kwetu Usoke. Akaacha pombe, wazee wa upande wake wakaja kuniomba, na mama akanitoa kwa sharti alilolitamka mbele ya wote: akijua tone la pombe limepita kooni mwa mkwe wake, atakuja kunichukua mwenyewe, na safari hiyo hakuna mzee atakayefunguliwa mlango. Mama yangu hana tabia ya kumeza neno alilokwisha kulitema.

Pombe aliiacha. Pool ndiyo ilimtesa. Jioni alikaa kwenye kiti akichezesha vidole, macho ukutani, mpaka siku moja akaja na mashine ya gemu iliyotumika, akaiunga kwenye runinga. Mimi nilidhani nitaona katuni. Haki ya Mungu, ilikuwa meza yenyewe: kitambaa cha kijani chenye vumbi la chaki, mwanga wa taa umelala juu ya mipira, na ule mlio wa mpira kugonga mpira ambao zamani nikiusikia nje ya baa machozi yalinitoka. Ukiupiga mpira mweupe chini, unarudi nyuma. Ukiupiga ubavuni, unagonga ukuta na kupinda njia. Ukifika shimoni bila nguvu unasita pale mdomoni, nawe unajikuta umesogea mbele kwenye kiti, unataka kuupuliza uingie. Fimbo unaivuta na kuisukuma kwa kidole gumba, kwenye kijiti kidogo cha pedi, na kidole kikitetemeka tu, fimbo inakwenda upande.

"Kila kitu cha kule kipo humu," mume wangu aliniambia, "isipokuwa kile kilichokuwa kinaniua."

Nikamwachia. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama yangu aliumwa pamoja nami. Aliposema anakuja, niliifunika mashine kwa kitambaa cha kufuma nikaweka chombo cha maua juu. Nilijua akiona meza ya pool nyumbani kwangu hatauliza la pili, atanichukua. Kumbe mama hawezi kukaa nyumba ya mtu bila kufuta vumbi. Mimi nikiwa sokoni kwenye cherehani yangu, aliinua chombo, akainua kitambaa, akauliza kwa sauti hiki ni nini, na mume wangu, aliyekuwa uani, akashindwa kumdanganya mkwe wake.

Na mkwe kwetu ni mkwe. Mume wangu hawezi kumpa mama mkono, hawezi kula naye, hawezi kukaa naye chumba kimoja wala kumtazama usoni. Wakikutana njiani, yeye hupisha na kuchutama pembeni. "Shikamoo mama" yake huitoa uani, mama hujibu "Marahaba" akiwa anaangalia kwingine, na mengine yote hupitia kwangu. Ndiyo maana alikuwa koridoni, kwenye kigoda, kafunua pazia upenyo wa kuona runinga tu. Mama alikuwa ameuambia ukuta kwamba anataka kuona mchezo uliomharibia binti yake, na ukuta ukamfundisha.

Nilingoja hukumu. Mama akapiga, mwekundu ukaingia, akaniambia, "Mpelekee pedi. Ni zamu yake."

Jamani, nilikuwa tarishi katika nyumba yangu mwenyewe. Tangu siku ile kila jioni baada ya ugali nilipitisha pedi chini ya pazia, nikaipokea, nikairudisha. Mama alicheza vibaya kwa moyo wote. Mume wangu akishika, mama aliacha hata karanga alizokuwa anamenya. Hakumtazama mtu, ila mipira aliitazama atakavyo, maana mila haikukataza. Mpira ulitoka kona, ukagonga kuta mbili, ukaingia shimo la mbali, na mama akaguna, "Hm." Kwa mama yangu, hilo ni shangwe.

Ndipo mume wangu akaanza kukosa. Mpira ulikuwa mdomoni mwa shimo, wa kuingizwa na kuku, akaupiga ukaenda kando. Kesho yake tena, na keshokutwa tena. Mama akawa anashinda, na kadiri alivyoshinda ndivyo alivyokunja uso. Nikadhani goti linamuuma.

Jumamosi mchana mume wangu akiwa kazini, mama aliniita akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Funga mizigo. Treni ya kesho tunaondoka."

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

"Mume wako amerudia pombe," akasema. "Siwezi kumnusa, siwezi kumtazama macho. Lakini mkono wake nauona kwenye hiyo runinga kila siku. Mtu aliyekuwa anapitisha mpira kati ya miwili bila kuigusa, leo anakosa shimo lililo wazi? Ulevi wa baba yako ulianza hivyohivyo. Alianza kwa kushindwa kufunga majani ya tumbaku kwenye fito, akasema ni baridi. Nami nikakubali kwamba ni baridi."

Niliingia chumbani nikatoa begi, nikakunja vitenge, nikakunja gauni za kanisani. Kichwa cha cherehani ya pale nyumbani nikakifungua, nikakiviringisha kwenye shuka, nikakifunga kamba. Mtu anayekwenda kusalimia kwao habebi kichwa cha cherehani. Mikono ilifanya kazi yote yenyewe, na mimi nilikuwa naitazama.

Mume wangu alipofika jioni nilimzuia koridoni. Nilimsogelea nikamnusa mdomo, shingo, shati. Alinuka grisi na jasho, basi. Nikamwuliza kwa hasira, ya chini lakini ya kuuma, kwa nini anakosa mipira.

Akanitazama kama nimepata wazimu. "Ulitaka nimfunge?"

"Nani?"

"Mama yako. Mkwe wangu anakaa kwangu, anakula kwangu, halafu kila jioni nimpige mabao mbele ya binti yake? Mimi nimelelewa. Mkwe hafungwi."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumzaba kofi, nilitaka kupiga magoti, na sikufanya lolote kati ya hayo. Mtu alikuwa anakaribia kupoteza mke kwa adabu.

Niliingia sebuleni nikamweleza mama. Hakuamini. "Walevi wana maneno matamu," akasema. "Mwambie acheze. Mwambie anipige bila huruma."

Mume wangu alikataa. Alisema nyuma ya pazia kwamba kama ni aibu, afadhali aonekane mlevi kuliko asiye na heshima. Hapo sauti ya mama ilipanda kwa mara ya kwanza tangu afike, na haikupitia kwangu. "Wewe baba, nimekuruhusu. Nipige."

Nikapeleka pedi. Akapasua rundo la mipira, mmoja ukaingia. Wa pili ukaenda taratibu, ukasita mdomoni kisha ukaanguka. Wa tatu aliupitisha kwenye njia ambayo mimi sikuiona mpaka mpira ulipokwisha kupita. Hakukosa hata mmoja. Mama alikaa wima, mikono mapajani, pedi haikumfikia tena. Mweusi wa mwisho ulipoingia, nilimsikia mume wangu anavuta pumzi koridoni kama aliyepanda kilima na gunia.

Mama alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mkono mzima," akasema. Kisha: "Na mimi mtu mzima naachiwa mipira kama mtoto. Mwambie mjinga huyo asirudie." Alikuwa anatabasamu. Akachechemea kwenda uani kupuliza moto wa chai, na kutoka kule nikamsikia anaimba wimbo wa kanisani.

Nilikaa pale na furaha yangu. Nilijiambia yamekwisha. Nikakumbuka kwamba mume wangu ameingia chumbani kubadili shati.

Nilipofika alikuwa amesimama kando ya kitanda, shati bado mkononi. Begi lilikuwa wazi. Alikuwa amefungua kamba ya ile shuka, na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha cherehani, umetulia kabisa. Nikasema ni mama ndiye aliyeniambia nifunge. Nikasema ningefanyaje, mama kasema.

"Mama yako mila inamkataza kunitazama usoni," akasema polepole. "Wewe alikukataza nani?"