Tulikwenda Kuhani Bukhayo, Marehemu Akatukaribisha Chai

Safari hii ilitokana na msiba, na kwa mambo ya misiba chama chetu hakina mpinzani. Sisi ni wahitimu wa chuo kikuu kimoja cha Nairobi. Tuliobahatika kupata riziki tumeungana kuwasomesha vijana ambao wazazi wao wamelemewa na karo. Ukiomba maoni kuhusu ukarabati wa maktaba, kundi letu la WhatsApp hunyamaza wiki nzima. Tangaza kifo, uone.

Jumatatu asubuhi katibu wetu, Mwangangi, alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa mjomba wa Nabwire, msichana wa mwaka wa mwisho tunayemlipia karo. Akasema Mzee Wandera, baba yake Nabwire, ameaga dunia, na maziko ni Jumamosi nyumbani kwake Bukhayo, kule Busia. Nambari ya Nabwire tuliyokuwa nayo ilikuwa imezimwa. Tukasema ni uchungu huo, mtoto wa watu. Kufikia adhuhuri tulikuwa na gari, shada la maua na hotuba. Mimi nilichaguliwa kuandamana na Mwangangi kwa kuwa duka la dawa ninalofanyia kazi ni langu na siombi ruhusa kwa mtu.

Kulikuwa na jambo jingine lililotutia wasiwasi. Usajili wa muhula wa mwisho ulikuwa unafungwa Ijumaa, na Nabwire hakuwa ameonekana chuoni. Asipojisajili, mwaka umempotea.

Familia yenyewe tuliijua kwa sura, sote. Kwenye lango kuu la chuo chama kimetundika bango la turubai, pana kama ukuta wa darasa. Nabwire amesimama mbele ya kijumba cha nyasi, baba yake yuko kando na vesti iliyotoboka, mbuzi yuko miguuni pao. Juu yameandikwa maneno makubwa: "Bila wewe, Nabwire asingesoma." Bango hilo limetuletea wanachama wengi. Mimi nikipita pale nilikuwa nikilitazama na moyo wangu unalainika.

Kwa hiyo hatukungoja Jumamosi; Jumanne tuliondoka Nairobi na mapema. Kisumu tulikula samaki, Bumala tukanyeshewa mvua kubwa iliyotulazimu kuegesha kando ya barabara, na jua lilipokuwa linaelekea kutua tukaingia Busia mjini. Huo ni mji usiojua kukaa kimya. Wabadilishaji fedha wananadi, pikipiki zinavuka kutoka Uganda na mikungu ya matoke, na mwenye baiskeli anapita na magodoro matano bila kumgusa mtu. Tukalala huko. Shada la maua tulilinyunyizia maji bafuni.

Jumatano asubuhi tukashika njia ya vumbi kuingia Bukhayo. Mashamba ya mihogo na mahindi pande zote, ng'ombe wawili watatu kando ya njia. Tulikuwa tunatafuta kijumba cha nyasi. Tulipita mahali tulipoelekezwa mara ya kwanza, tukageuza gari, tukapita mara ya pili. Kilichokuwepo kila mara ni nyumba nadhifu ya matofali yenye paa la mabati na maua ya waridi mlangoni, na nyuma yake matofali mabichi yamepangwa safu kwa safu. Hapakuwa na turubai la matanga, wala waombolezaji, wala moto wa mkesha. Mwishowe Mwangangi alimwita mama aliyekuwa anafagia uani.

"Mama, samahani. Kwa marehemu Wandera ni wapi?"

Mama yule aliacha kufagia. Akalitazama gari, akalitazama shada kwenye kiti cha nyuma.

"Hiyo maua isiingie kwa boma yangu," akasema. Kisha akageuka na kupaza sauti kuelekea mlangoni. "Baba Nabwire! Kuja uone wageni wako. Nilikuambia kifo si kitu ya kuchezea!"

Akatoka mwanamume mrefu, kavaa koti jeusi lililopigwa pasi, shati jeupe na tai. Uso ule nilikuwa nimeuona langoni kwa miaka miwili. Nikashika mlango wa gari. Mwangangi, ambaye hotuba ya rambirambi ilikuwa tayari mkononi mwake, alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Karibuni," akasema Mzee Wandera. "Mimi ndiye marehemu. Chai iko."

Tuliingia kwa sababu hatukujua la kufanya. Sebuleni kulikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, na chai ya maziwa ilikuja na viazi vitamu. Mwangangi ndiye aliyepata sauti kwanza, na ilikuwa ya hasira.

"Mzee, ni wewe ulipiga simu?"

"Ni mimi. Mjomba wa Nabwire alikataa, akasema ni mwiko. Nikabadilisha sauti kidogo."

"Lakini kwa nini?"

"Nilikupigia mara ngapi, katibu? Nilisema msichana amekataa kurudi shule, kujeni muongee na yeye. Ukasema nitume email. Nilituma kwa cyber. Hakuna mtu alikuja." Akanywa chai taratibu. "Sasa kuna kijana wa Matayos, alisoma huko kwenu, akakufa. Niliona vile mlikuja. Magari, maua, mpaka kamera. Nikajua hawa watu kuwaita ni hivi."

Nikamuuliza mzee ni nini kilichomfanya Nabwire akatae chuo wakati amebakiza muhula mmoja tu.

"Hiyo picha yenu," akajibu mama Nabwire, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote. "Kuja nikuonyeshe."

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Pale, karibu na zizi, kulikuwa na kijumba cha nyasi kilichoinama upande mmoja. Nilikitambua papo hapo. Kilikuwa jiko la zamani, na sasa kuku walikuwa wanalala humo.

"Vijana wenu wa kamera walisema tusimame hapa. Nikauliza, si kwa nyumba? Wakasema hapana, hapa mwangaza ni mzuri. Mzee alikuwa anafyatua matofali, akasema ngoja nivae shati. Wakasema usibadilishe. Mbuzi pia wakavuta."

"Hiyo nyumba nilijenga na hii mikono," akasema Mzee Wandera nyuma yetu. "Kila tofali. Ni karo ilinishinda, si maisha. Leo nimevaa koti, mkitaka kupiga ingine."

Niliona aibu iliyonipanda mpaka masikioni. Watu wangapi walikuwa wamenitumia ujumbe kunipongeza kwa kumuokoa mtoto kutoka katika kibanda kile! Na kibanda chenyewe kina kuku.

Nikauliza Nabwire yuko wapi. Malaba, wakasema, kwenye foleni ya malori. Tulipokuwa tunaaga, mzee aliushika mkono wangu akakawia kuuachilia. Alisema yeye hataki pesa kutoka kwetu. Anataka mtoto wake amalize, kwa sababu katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuvaa joho la mahafali. Halafu akauliza, "Hiyo turubai ya picha ni nzito?"

"Nzito sana," nikasema.

"Mkiitoa, nileteeni. Matofali yangu yananyeshewa."

Adhuhuri tulikuwa njiani kuelekea kaskazini, kupitia Alupe na Adungosi. Mwangangi ndiye aliyeendesha. Karibu na Malaba ghafla akasema lile bango ndilo linalowaleta watu kwenye chakula cha jioni cha kila mwaka cha kuchangisha karo, nacho ni wiki ijayo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeyatunga maneno yake. Nikamwambia hilo nalijua siku nyingi.

Malaba malori yamepangana mpaka macho yanachoka, madereva wamelala chini yake kwenye mikeka. Tulimkuta Nabwire kando ya barabara, nyuma ya kikaango kikubwa, anapika roleksi, chapati inayokunjwa na mayai ndani. Dereva mmoja wa Uganda alikuwa anamhimiza, akimwita bibi kwa Kiganda, "Nyabo, fanya mbili, foleni inasonga!" Alitutambua kabla hatujashuka. Hakukimbia wala hakutabasamu.

"Baba amekufa kweli?" akauliza, macho yake kwenye shada la kiti cha nyuma.

"Hapana! Ametupa chai," nikasema.

Akacheka, kisha machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa kiwiko kwa kuwa vidole vilikuwa na unga. "Alisema atawaleta. Sikujua ataleta na hiyo njia."

Tulikaa kwenye benchi lake, naye akatusimulia huku anakanda. Chuoni hakuna aliyemwita Nabwire. Jina lake lilikuwa Bila Wewe. Bila Wewe, tusaidie kalamu. Bila Wewe, mbuzi hajambo? Hata mhadhiri mmoja aliwahi kumtaja kama mfano darasani, kwa wema tu, na darasa zima likageuka kumtazama. Nikamuuliza alivumilia vipi.

"Nilikuwa napitia geti ya nyuma, Madam, huko kwa takataka. Mwaka mzima. Mvua, jua, huko tu." Akabonyeza donge la unga kwa nguvu. "Nikirudi nipitie wapi sasa? Kwa geti niko mkubwa kuliko mimi mwenyewe."

Mwangangi akasogea kando akampigia mwenyekiti wetu. Alirudi ameinamisha kichwa. Mwenyekiti amesema bango litashushwa baada ya chakula cha jioni, wiki moja tu, Nabwire avumilie.

"Usajili ni keshokutwa," nikasema.

"Basi hata mimi nitangoja," akasema Nabwire. "Niko na kazi."

Nilipandwa na hasira nikaanza kumfokea Mwangangi mbele ya madereva, lakini Nabwire hakutujali. Alimkunjia Mwangangi roleksi, akamkabidhi. Maskini hakuwa amekula tangu viazi vya asubuhi. Aliishambulia kwa mikono miwili, mafuta yakamtiririka kidevuni, kipande cha yai kikabaki kwenye masharubu. Nabwire akachomoa simu mfukoni na kumpiga picha.

"Ya nini hiyo?" Mwangangi akauliza, mashavu yamejaa.

"Nitaweka kwa geti ya kanisa yetu. Kubwa. Niandike, 'Bila Nabwire, huyu angelala njaa.'"

Madereva wakaangua kicheko. Mwangangi hakucheka. Alijipangusa kidevu, akaitazama ile simu, na nikaona uso wake unabadilika.

"Futa," akasema kwa sauti ndogo.

"Mbona, sir? Ni picha nzuri. Itasaidia watu."

"Nabwire, tafadhali. Futa."

Alimgeuzia simu ili aone, akaifuta mbele yake. Lile lori lililokuwa mbele yetu likasonga na jingine likashika nafasi yake. Kisha Mwangangi akamwambia Nabwire afunge biashara, kesho tunasafiri, na ataingia chuoni kwa lango kuu.

Alhamisi tulirudi Nairobi watatu, shada la maua limenyauka kwenye buti kwa sababu hakuna mahali lilipokubaliwa.

Ijumaa asubuhi Mwangangi aliazima ngazi kwa walinzi wa chuo. Mwenyekiti alimpigia simu mara tatu, naye akaiacha ilie mfukoni. Alipanda akiwa na suti, akakata kamba moja moja. Turubai lilipoporomoka, wanafunzi waliokuwa wanaingia walisimama. Nabwire alipita katikati yao, hakutazama juu wala chini, akaelekea ofisi ya usajili. Mimi nilibaki pale nalia kama mfiwa, baada ya kusafiri kote kule bila kumlilia mtu.

Nilichojifunza ni kidogo na kinaniuma. Tulimsaidia Nabwire kwa moyo mweupe, na msaada huohuo ndio uliompitisha kwenye takataka mwaka mzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Chakula chetu cha jioni kilifanyika bila bango; waliokuja walikuwa wachache, na mwenyekiti bado hanisalimii.

Turubai tulilituma Busia kwa basi. Mzee Wandera alinipigia kuniambia kwamba limetosha, kwamba amelilaza picha ikitazama chini, na mvua haigusi tena matofali yake. Baadaye alinitumia picha ya nyumbani kwake, aliyoipanga na kuipiga kwa namna anayoitaka yeye. Nikamuuliza kama naweza kuwaonyesha wenzangu wa chama, na labda kuieleza katika masimulizi haya.

Akajibu, "Hapana, mama. Hiyo ni yako."

Kwa hiyo siielezi.