Shida ni Feni Tu

Juzi nilikuwa gereji moja pale Mpemba. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amerudisha gari lake kuukuu, linachemsha kila likipanda mlima. Fundi alishabadilisha rejeta na pampu ya maji, sasa anataka kubadilisha na feni.

"Oili umeiangalia, mwanangu?"

"Mama, shida ni feni tu."

Mama akafungua kifuniko cha oili mwenyewe, akamsogezea hadi puani. Kilijaa povu jeupe, zito kama uji.

Fundi akakuna kichwa. "Kumbe maji yanaingia kwenye oili. Gasketi ya silinda hedi imekufa, ndiyo maana linachemsha."

"Nimekuwa nesi miaka thelathini," mama akasema. "Sijawahi kumpa mtu dawa kabla ya kumpima."

Mimi niliyekuwa nafuata kwenye foleni nikafunga boneti ya gari langu, nikaondoka.