Yunis na Mchezo wa Danguro

Miaka ile ya Ujamaa, televisheni hatukuwa nayo huku milimani. Tulikuwa na uwanja wa shule, ukungu, na watu waliokubali kuigiza. Mimi nilikuwa natembea kijiji hadi kijiji nikitengeneza miavuli, kutoka Soni mpaka Lukozi na kurudi, na kila nilipokuta watu wamekusanyika nilikaa kwanza. Ndivyo nilivyomfahamu Yunis.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, wa maneno machache, akilima karoti katika shamba la marehemu kaka yake juu ya Lukozi. Aliwahi kukaa Dar es Salaam miaka tisa, tangu kabla ya Uhuru. Alisema huko alikuwa yaya, na hakuna aliyeuliza zaidi. Kanisani kwao, kwa Walutheri, aliimba sauti ya pili. Ilikuwa sauti ya chini, kama moshi wa asubuhi ukikaa bondeni, haupandi wala haushuki.

Mwaka mmoja, sabini na tatu au na nne, kijiji kilitakiwa kupeleka mchezo Lushoto siku ya Saba Saba. Mwalimu Sefania, aliyekuwa akiwafundisha watu wazima kusoma, akatunga mchezo juu ya uovu wa mji: danguro la Dar es Salaam, malaya, polisi, na mkulima anayepotelea humo. Hakuna mwanamke aliyekubali kuwa malaya. Basi nafasi hiyo akapewa Nikodemo, mpasua mbao mwenye mikono mipana kama jembe. Akafungwa kitenge, akatiwa matiti ya sufi, akawa anakata kiuno mpaka watoto wanagaagaa kwa kicheko. Wazee wa kanisa walimwita kumhoji juu ya nguo za kike. Akawaambia ni kazi ya chama, na kama kuna mzee mwenye matiti mazuri zaidi, aje, yeye atamwachia nafasi.

Alasiri moja ya mazoezi Yunis alipita na tenga la karoti kichwani. Nikodemo alikuwa mlangoni pa danguro letu la magunia, akiwaita wanaume kwa sauti nyembamba, akicheka. Yunis akatua tenga.

"Usicheke, kaka," alimwambia. "Yule unayemwigiza ana njaa ya usingizi. Kaa chini. Miguu inamuuma."

Akakaa yeye amwonyeshe. Alikaa kizingitini, mkono mmoja shingoni, akitazama barabara ambayo haikuwepo. Hakumwita mtu. Ukungu ulikuwa umetufika magotini, lakini mimi niliona matope ya uchochoro, nikasikia joto la mabati, na mahali fulani nyuma ya ukuta mtu anakohoa. Sijui niliyaonaje. Sikuwa nimefika mji ule.

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu Sefania alimpa nafasi palepale, naye akaipokea. Baadaye, nikimshonea mwavuli, nilimuuliza kwa nini. Alisema walikuwa wanasema uongo juu ya watu anaowajua.

Lushoto mchezo ulichezwa mchana, mbele ya umati. Polisi alipomburuta yule malaya, tulitegemea watu washangilie, maana ndivyo ilivyotungwa. Haikuwa hivyo. Kina mama wengine walijifuta macho kwa khanga. Zawadi hatukupata, tuliambiwa fundisho halikuonekana vizuri.

Tuliporudi, Mwinjilisti Kornelio alimwita Yunis. Hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza kwa upole, "Shangazi, yale uliyajulia wapi?" Angeweza kusema aliyaona kwa dirisha la tajiri wake. Akasema kweli.

Kwa desturi yao akatengwa. Akatolewa kwaya, akazuiwa Meza ya Bwana, akakaa benchi la mlangoni pamoja na mzee aliyeongeza mke na binti aliyezaa nyumbani. Ili arudi kundini alitakiwa asimame mbele ya usharika, atubu kazi ile, kisha awakatae wenzake aliofanya nao kazi hiyo. La kwanza alikuwa tayari. La pili lilimshinda. Alimweleza Kornelio habari za Mwanahawa, mwanamke wa Kilwa waliyepanga naye chumba. Yunis alipolazwa na homa ya matumbo, huyo ndiye aliyemwogesha, akamnywesha uji, akatoka kufanya kazi ya watu wawili, mwisho akamkatia tiketi ya treni ya kurudi Mombo, chini ya milima yetu. Amkatae vipi?

Miezi saba alikaa pale. Kila nilipopita kijijini niliuliza, nikajibiwa bado. Huko nyuma aliendelea kuimba sauti ya pili, polepole, na kwaya iliyokuwa mbele ikawa inaiegemea, ingawa hakuna aliyegeuka.

Jumapili moja kabla ya Pasaka nilikuwa nje, dirishani, na mwavuli wa mwinjilisti mkononi, nikimsubiri amalize ibada. Mimi ni Mwislamu, lakini dirisha halina dini. Yunis alikuwa ameitwa asimame. Aliitaja kazi ile kwa jina lake, bila kuifunika, akasema anaijutia.

"Na wenzako wa kule," Kornelio akauliza, "unawakataa?"

Mvua ilianza kugonga bati, moja moja.

"Siwezi, Mwinjilisti. Mmoja alinisafisha mavi nikiwa sijiwezi. Naomba aombewe kwa jina, kama mnavyowaombea wagonjwa. Anaitwa Mwanahawa."

Watu wakanong'ona, kwa kazi ya huyo Mwanahawa na kwa jina lake la Kiislamu. Bibi Yudith, mkubwa kuliko wote mle, akasema wasijifanye wageni. Nusu yao wana wajomba msikitini. Kornelio alilifungua daftari la maombi. Akashika penseli. Angeweza kumrudisha benchi la mlangoni, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Binti nani?" akauliza.

Yunis alisema hajui. Kule hawakuulizana majina ya baba zao.

Akaandika. Kisha akasoma: Nathanaeli aliyeanguka mtini, mtoto wa Paskali mwenye surua, na Mwanahawa wa Dar es Salaam. Wakaitikia amina. Nami dirishani nikaitikia.

Yunis alibaki amesimama katikati ya kanisa, maana mwinjilisti hakumwambia aende mbele wala arudi nyuma. Wanakwaya wakatazamana. Halafu wa mwisho akasogea kidogo, na wa pili yake, na wa tatu, mpaka kwenye benchi la kwaya ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.