Muosha madirisha aliyeificha pochi yake ya bitcoin chooni

Harmen Wassink yuko juu ya ngazi, usawa wa ghorofa ya pili, mkono mmoja umeshika fremu ya dirisha na wa pili unavuta kifutio cha mpira kutoka kushoto kwenda kulia. Upande wa pili wa kioo, bibi mmoja aliyevaa gauni la kulalia anakula mkate uliopakwa siagi na chembe za chokoleti. Bibi anampungia mkono. Harmen anamwitikia kwa kichwa, maana mikono yake ina kazi.

Hakuna anayeona haya. Hapa Zutphen, mji wa mashariki mwa Uholanzi, tunaishi bila kufunga mapazia, na muosha madirisha ni mtu wa nyumbani, ila yeye hukaa nje.

"Amepata paka mwingine," anasema akishuka. "Wa zamani alikuwa mnene kuliko huyu. Mimi najua paka wote wa mtaa huu. Wenyewe wenye paka ndio sikumbuki majina yao."

Harmen ana miaka 53 na zaidi ya nusu ya maisha yake ameyapitisha juu ya ngazi. Nyumba ya kawaida humlipa euro 11. Mvua ya wiki nzima humrudisha nyumbani mikono mitupu, na baridi ikigandisha maji kwenye ndoo, hali ni ile ile. Mtu akimuuliza kama mvua haimsaidii kuosha, humtazama kwa huruma.

Mpaka mwaka huu, mitaa anayoosha haikuwa yake. Katika kazi hii mitaa huuzwa na kununuliwa kama duka: anayemiliki mitaa ndiye mwenye wateja. Mwenye mitaa alikuwa Evert Lubbers, mzee mwenye magoti mabovu na maneno machache, naye Harmen alikuwa kibarua wake. Msimu wa baridi uliopita Evert akatangaza kwamba anastaafu. Mitaa yote, pamoja na shule na nyumba ya wazee, euro 16,000, na jibu alitaka kabla ya mwisho wa Machi.

Kulikuwa na mnunuzi mwingine, kampuni ya kutoka mji wa jirani yenye magari matatu na vijana wanaoosha kwa bomba refu bila kupanda ngazi. Kampuni hiyo haikuwa na haja ya mtu wa miaka 53.

"Nilijua wakinunua wao, mimi basi," anasema Harmen. "Nitaanza kazi gani umri huu? Kitu pekee ninachokijua ni kioo."

Lakini hakuwa na wasiwasi, kwa sababu alikuwa na siri darini.

Siri hiyo ilianza miaka minane iliyopita, katika duka la kompyuta la Casper Meulenbelt, mtu mwenye ndevu nyingi na imani kali. Meulenbelt alikataa kumlipa kwa fedha za kawaida. Kwa miaka miwili mizima alimlipa Harmen kwa bitcoin, kila mwezi, kwa dirisha moja kubwa na mlango wa kioo. Wakati huo bei yake ilikuwa ya kuchekesha, na mke wa Harmen, Dinie, alicheka kweli kweli.

"Nilimwambia mwombe basi akulipe viazi," anasema Dinie, ambaye hupanga vitabu kwenye maktaba ya mji. "Viazi angalau tungekula."

Meulenbelt alimwekea Harmen pochi, yaani programu ya kutunzia bitcoin, kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa darini, kisha akamhutubia. Nywila, alisema, inafungua pochi kwenye kompyuta hii tu. Kompyuta ikifa, kinachokuokoa ni maneno kumi na mawili ambayo programu imekupa, kwa mpangilio wake. Yaandike kwa mkono. Usiyapige picha, usiyahifadhi ndani ya kompyuta, usimtajie mtu hata akijiita fundi. Weka nakala mbili, sehemu mbili. Na kabla hujaweka pesa nyingi, jaribu kuirejesha pochi kwa maneno hayo, uone kama inarudi.

"Alinisikiliza vizuri sana," anasema Meulenbelt. "Alikuwa akiitikia kwa kichwa. Kumbe anaitikia tu."

Harmen alifanya nusu ya aliyoambiwa. Aliandika kwa mkono, nakala moja, na hakujaribu chochote. Lakini mahali pa kuficha alipafikiria kwa siku kadhaa, na hadi leo anapaonea fahari. Mwizi hupekua kabati, droo, na chini ya godoro. Mwizi gani atapekua choo?

Kwetu, kalenda ya siku za kuzaliwa hutundikwa chooni, nyuma ya mlango, ili mtu akiketi asome ni shangazi gani wa kumpigia simu wiki hii. Haina mwaka, hivyo haipitwi na wakati. Ina miezi kumi na miwili. Pochi ina maneno kumi na mawili. Harmen aliona kama mbingu zenyewe zimepanga. Akachukua kalamu na kuandika neno la kwanza Januari, la pili Februari, hadi Desemba, kila neno pembeni ya jina la mtu mmoja ili lisionekane limekaa ovyo. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, nayo ni maneno ya kawaida kabisa: mwavuli, kitunguu, ngazi, punda.

Kisha akayasahau, akiamini kwamba kilichoandikwa hakina haja ya kukumbukwa.

Mwaka huu, mwezi wa Februari, kompyuta ikafa. Sababu ni ya aibu. Kwa miaka yote hiyo Harmen alikuwa akianika vitambaa vyake vya ngozi juu ya kompyuta, kwa vile ilikuwa na joto zuri. Siku moja kitambaa hakikukamuliwa sawasawa. Dinie alisikia mlio, akanusa moshi, akapanda na kumkuta mumewe akipepea kwa mkono.

"Imekufa?" akauliza.

"Imekufa, lakini usijali," akasema Harmen kwa sauti ya mtu aliyejipanga. "Maneno ninayo."

Akashuka, akaingia chooni, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu kiasi kwamba Dinie aligonga kuuliza kama ni tumbo.

Kalenda ilikuwa nyingine. Ilikuwa na picha za ndege badala ya vinu vya upepo, majina yameandikwa upya kwa mwandiko safi wa Dinie, na pembeni ya majina hapakuwa na kitu.

"Dinie! Kalenda ya vinu iko wapi?"

"Ile? Si niliitupa na magazeti miaka mitatu iliyopita! Ilikuwa imejaa ukungu."

"Na yale maneno pembeni?"

"Ya zawadi? Zawadi zote nilishatoa, baba, ningeyanakili ya nini?"

Hapo ndipo Harmen alipojua alichokuwa akikitazama kila siku bila kukiona. Dinie alipoyakuta maneno yale miaka minane nyuma, alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Mume ambaye hakuwahi kukumbuka siku ya kuzaliwa ya mtu hatimaye ameandika kila mmoja anapenda nini! Kwamba ameandika kwa Kiingereza, hilo halikumshangaza, kwa sababu tangu aanze urafiki na Meulenbelt alikuwa na mambo yake. Basi mwaka ule akanunua zawadi zote kama zilivyoandikwa, akazifunga kwa karatasi za maua, akazipeleka kwa majina ya wote wawili.

Harmen alikuwepo kwenye sherehe zote hizo. Hakuona zawadi hata moja. "Mimi nikienda kwa watu naangalia madirisha," anasema.

Alipompelekea Meulenbelt habari hizo, Meulenbelt aliweka kichwa juu ya meza ya duka. Likikosekana neno moja, alisema, kompyuta yake inaweza kujaribu moja baada ya jingine mpaka lipatikane. Yakikosekana manne au matano, wote wawili watazeeka wakisubiri. Dinie mwenyewe alitaja mawili tu. Mdogo wake, Gijs, ambaye ni fundi bomba, akashauri waandike mtandaoni kuomba msaada, wapo wataalamu wanaorejesha pochi ukiwatumia maneno uliyonayo.

"Wapo," alisema Meulenbelt. "Wanaitwa wezi."

Palibaki njia moja. Maneno yalikuwa yamegawanywa kwa jamaa na majirani, na jamaa na majirani wote wangekuwa sehemu moja Jumapili ya pili ya Machi, siku ya kuzaliwa ya shangazi yake Dinie, Shangazi Riek.

Sherehe ilikuwa kama sherehe zetu zilivyo. Viti vimepangwa duara sebuleni, kila anayeingia anazunguka akimpa mkono na hongera kila mtu, mwenye siku ya kuzaliwa na asiye nayo, kisha anapewa kahawa na kipande kimoja cha keki. Kimoja. Meulenbelt alipoingia na kompyuta yake ya mkononi, Shangazi Riek alimvuta Dinie pembeni.

"Huyu mwenye ndevu ni nani? Keki nimeikata tayari."

"Ni wa Harmen, shangazi. Atakula nusu yangu."

Harmen akasimama katikati ya duara akiwa na kofia mkononi. Akawauliza wanakumbuka walipewa zawadi gani miaka minane iliyopita.

Majibu yakaja mara moja. Kumbe walikuwa wamengoja kuulizwa.

"Mimi mliniletea wavu wa vitunguu," alisema Teun, mpwa wa Dinie, karani wa benki. "Vitunguu! Vimefungwa utepe!"

"Januari," akanong'ona Meulenbelt, akiandika.

Shangazi Riek akanyoosha kidole kwenye mwavuli uliosimama pembeni ya mlango. Machi. Jirani Ans alikuwa amepewa ngazi ya kukunja, Juni, na hadi leo anaitumia kufikia sukari. Mwingine tarumbeta ya kuchezea, mwingine nyundo. Kila mmoja alisema huku akimtazama Harmen kwa jicho la mtu aliyevumilia mengi. Meulenbelt alikuwa akitokwa jasho. "Maneno haya haambiwi mtu," alilalamika. "Haambiwi hata mtu mmoja! Sisi tunayatangaza mbele ya keki."

Ikafika zamu ya Gijs, wa mwezi wa Agosti. Gijs akakunja mikono.

"Mimi sikupewa kitu. Hata simu sikupigiwa. Miaka minane dada yangu hajanipa hongera."

"Si pembeni ya jina lako paliandikwa 'kimya'!" Dinie akapaza sauti. "Nikasema huyu kachoka na kelele zetu, ngoja tumheshimu."

"Mnaniheshimu miaka minane?"

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na Dinie akaenda kumkumbatia mdogo wake. Gijs alijidai kukasirika, lakini alipotoa leso hakuifutia kahawa.

Desemba ilikuwa ya Evert Lubbers. Mzee huyo naye alikuwa kwenye duara, na hakuwa amecheka.

"Mliniletea punda," alisema polepole. "Punda wa manyoya. Mtu niliyemfanyisha kazi miaka yote ananiletea punda. Nikamweka juu ya televisheni, kila jioni namtazama, najiuliza nimemkosea nini Harmen. Ndio maana nilipotaka kuuza nikawasikiliza wale wa kampuni kwanza."

"Mzee wangu," alisema Harmen, na uso wake ulikuwa mwekundu, "lile lilikuwa neno la kompyuta tu. Wewe hujanikosea hata siku moja."

Evert akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kisha akaomba kahawa nyingine.

Meulenbelt akahesabu. Kumi na moja. Oktoba hakuna. Akafunga kompyuta, akasema si kitu, neno lililobaki ni moja, ataiacha mashine yake dukani ijaribu usiku kucha na kesho litajulikana.

"Usijisumbue," alisema Dinie.

Alikuwa anakusanya sahani na hakuinua macho.

"Oktoba ni mimi. Aliandika 'baadaye'. Nikajua zawadi yangu itakuja baadaye. Basi nikangoja."

Safari hii hakuna aliyecheka. Harmen alibaki amesimama katikati ya viti, kofia mkononi, kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta ardhi haipo. Shangazi Riek akamgeukia Meulenbelt. "Haya, mwenye ndevu," alisema. "Andika hilo neno, tumalize."

Meulenbelt akayaandika yote kumi na mawili, mgongo ameuelekeza ukutani. Pochi ikafunguka, na pesa zilikuwepo zote. Lakini hakumruhusu mtu kushangilia. Pochi ambayo maneno yake yanajulikana na duara zima la sherehe, alisema, ni sawa na mlango usio na komeo. Harmen akapandishwa chumbani kwa Shangazi Riek peke yake na ile kompyuta, akatengeneza pochi mpya, akaandika maneno mapya kwenye karatasi mbili, akaifuta ile pochi mpya na kuirejesha kwa karatasi kuona kama inarudi. Ilirudi. Yeye na Meulenbelt wakahamisha kwanza kiasi kidogo, kikafika. Ndipo wakahamisha kilichobaki.

"Kwa hiyo miaka yote hii pesa zenu nilikuwa nazo mimi," alisema Shangazi Riek, akiutazama mwavuli wake kwa heshima mpya.

Wiki iliyofuata Harmen aliuza sehemu kubwa ya bitcoin hizo na kumlipa Evert, ambaye alipunguza euro 500 bila kueleza kwa nini. Tangu mwezi wa Aprili mitaa ni yake. Anataka kumwajiri mtu wa kumsaidia kabla ya magoti yake kufanana na ya Evert, na safari hii, anasema, mtu huyo atapata asilimia ya mitaa tangu mwanzo. Karatasi zile mbili ziko mahali pawili. Moja, Dinie anajua ilipo. Mwandishi wa makala haya alikitumia choo cha nyumba hiyo na anaweza kuthibitisha kwamba kalenda ina majina na ndege tu.

Baada ya kumlipa Evert, kilibaki kiasi cha kuwafikisha watu wawili kisiwa cha Terschelling, hoteli ya ufukweni, siku nne. Harmen alikuwa amepanga kila kitu: wangekwenda Oktoba, siku ya kuzaliwa ya mkewe. Alimweleza jikoni, akiwa anajivunia, mwandishi akiwa ameketi hapo hapo.

Dinie alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kuchukua begi.

"Jumamosi hii," alisema.

"Jumamosi nina shule nzima ya kuosha, Dinie! Madirisha arobaini!"

"Ya nani?"

Harmen akafikiri. "Yangu," akasema.

"Basi yaambie 'baadaye'."