Kikohozi cha Mama Kemunto

Kwaya yetu hapa Sironga iliniachia mimi, mpiga kinanda, kazi ya kuchagua maikrofoni ya kurekodia na priampu, kifaa kinachokuza sauti ya maikrofoni kabla haijafika kwenye kinasa sauti. Nilichagua maikrofoni inayonasa hata pumzi, nikajisifu wiki nzima.

Tulianza na sehemu ya "aaa" isiyo na maneno, nami nikiwaongoza kwa sauti ya kwaya iliyomo kinandani, kinanda kikiwa na waya wake wa moja kwa moja hadi kwenye kinasa sauti. Nilipowachezea rekodi, ilikuwa tamu ajabu.

"Mnasikia? Hiyo ni priampu!" nikasema. Wakapiga makofi.

Mama Kemunto, mmoja wa waimbaji, hakupiga. "Mwalimu, mimi nilikohoa katikati, na kila mtu akageuka. Mbona kikohozi changu hakisikiki humo?"

Nikaitazama priampu. Taa haikuwaka. Sikuwa nimeichomeka kwenye umeme.

Kwaya waliyoishangilia ilikuwa vidole vyangu.