Mhojiwa Wangu ni Bibi

Leo bibi yangu ameniuliza swali moja, hata ndizi alizonipikia zimenishinda.

Mnajua naandika tasnifu kuhusu vihamba, haya mashamba yetu ya migomba na kahawa.

Msimamizi alinirudishia sura ya nne. "Msamiati wako mwepesi mno."

Basi nikajifungia ndani. Nikajaza daftari zima maneno mazito, nikaandika upya kila ukurasa.

Leo nikapanda Kibosho kumsomea bibi, maana ndiye niliyemhoji.

Nikasoma kwa madaha, msinicheke:

"Mhojiwa alibainisha uhusiano endelevu baina ya kaya na rasilimali ardhi."

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Huyo mhojiwa ni mtu wa wapi?"

"Ni wewe, bibi."



Siku ile nilipomhoji, aliniambia kwamba marehemu babu amelala pale mgombani, na kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe anapita kumsalimia.

Halafu akasema sentensi nyingine, iliyoniliza palepale.

Siikumbuki, jamani. Sikumrekodi. Niliiandika, halafu nikaifuta kwa sababu ilikuwa nyepesi.

Basi leo nikamwomba ayarudie maneno yale.

Niambieni, ninyi mngemjibu nini? Maana alivuta kitenge chake, akacheka kidogo kwa aibu, akasema:

"Acha hivyo hivyo, mjukuu wangu. Mimi sijui kusema vizuri kama huyo mhojiwa."